Kiatu cha Kushoto

9 Februari

Kwako Dada,

Pokea salamu zangu, na pole na mikono yako isiyokauka maji. Nimefika. Safari ya siku mbili imenivunja mgongo, lakini hospitali ni safi na nimepewa kitanda namba saba, karibu na dirisha. Jirani yangu ni dereva wa malori mstaafu anayekoroma mchana kweupe. Wauguzi ni wema, ila utani hawautaki.

Daktari anasema mapafu yamechoshwa na gundi na vumbi la ngozi. Hayaambukizi mtu, yanataka kupumzika tu. Mwezi wa tano nitakuwa nyumbani.

Sasa, Msumari. Ahsante kwa kumpokea. Jina lake unajua lilikotoka: ana miaka minne, nikageuka kidogo tu kutafuta uzi, akakigongomelea kiatu cha mteja kwenye meza yangu kwa misumari kumi na moja. Kwa nini, mwanangu? "Kisitoroke." Mteja amesimama mlangoni na soksi. Leo ana miaka minane na hajapungua hata kidogo. Tangu mama yake atutoke tumeishi wawili tu, na mara nyingi mkubwa wa nyumba alikuwa yeye. Ukimkataza jambo mpe sababu. Akiikubali ataacha. Asipoikubali, dada yangu, jifunge kibwebwe.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kila utundu atakaoufanya niandikie, usinifiche hata mmoja. Huku hakuna cha kuchekesha.

Ndimi mdogo wako,
Fundi


27 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, nikaunguza moja kwa ajili yako. Sisi wazima. Goti langu la kulia linalalamika kama kawaida, na kisima cha ua kimejaa, kwa hiyo maji si tabu.

Umetaka utundu, haya chukua. Jumanne nimeanika nguo za mwalimu mkuu, pamoja na ile blauzi yake ya hariri anayoiabudu. Nageuka, blauzi haipo. Nikasikia vicheko barabarani. Kutoka nje, namwona mbuzi wa jirani anapita kwa madaha, kaivaa blauzi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni! Kazunguka mtaa mzima, watu wanampisha kama mgeni rasmi. Nilipomkamata huyo binti yako, unajua alinijibu nini? Eti mbuzi alikuwa anasikia baridi. Nimeifua mara tatu na harufu haijatoka. Mwalimu ananiuliza mbona blauzi yake siku hizi inanuka shamba.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Yuko vilevile. Anakula, analala, ananitoa roho.

Wewe kifua kinaendeleaje? Sema ukweli.

Dada yako


18 Machi

Dada yangu mpenzi,

Natumai goti limetulia. Mimi sijambo, kikohozi kinapungua pungua.

Nimewasomea wodi nzima kisa cha mbuzi. Dereva alicheka hadi akaomba maji. Muuguzi mkuu alikuja kutufokea, akataka kujua kuna nini, nikamsomea na yeye, akageuka ukutani mabega yakitikisika. Sasa kila asubuhi wananiuliza: Msumari kafanya nini leo? Barua yako naiweka chini ya mto, imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo.

Kuna chumba cha kazi hapa kwa wagonjwa wanaojiweza. Nimepata vipande vya ngozi laini, rangi ya kahawia, nakaa saa moja kila asubuhi. Nataka kumshonea viatu. Niletee mguu wake: mwekee karatasi sakafuni, asimame wima, umzungushie kalamu. Mshike kifundo kwa nguvu, maana huwa anachezesha vidole makusudi. Karatasi za miguu yake ninazo tangu ana miaka miwili, na hakuna hata moja yenye mstari ulionyooka. Nimezoea kukisia.

Na mbona haniandikii mwenyewe? Kalamu anaijua, na maneno hayajawahi kumpungukia.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi. Mvua hazinipi nafasi ya kuanika, nyumba nzima kamba, tunapita tumeinama kama wezi.

Mguu huo hapo, nimeuchora mwenyewe. Haandiki kwa sababu hakai kitako, ndiyo hivyo tu. Nikimwekea karatasi kashatoweka.

Wiki iliyopita, sikiliza. Saa nne asubuhi kengele ya shule ikalia ya kwenda nyumbani. Watoto wote wakamwagika nje, mbio, walimu wamebaki na chaki mikononi. Kumbe ni yeye! Kaegesha ngazi, kapanda paa la shule, kaning'inia kwenye kamba ya kengele kama ndizi. Ndala moja ikamponyoka ikaingia kwenye mfereji wa maji na haijapatikana mpaka leo. Nimeitwa shuleni, nimekalishwa kwenye kiti kidogo, nikasemwa mimi badala yake. Nilijikaza nisicheke.

Wasomee hao wa wodini. Na ule dawa zako.

Dada yako


2 Mei

Dada,

Shikamoo. Hujambo, na goti? Mimi nipo.

Kisa cha kengele sikuwasomea. Nilikisoma mara mbili peke yangu, nikakikunja.

Dada, aliyepanda paa la shule ni wewe. Ulikuwa na miaka kumi, mimi saba, na mwenye kushika ngazi chini nilikuwa mimi. Ndala iliyoingia mferejini ilikuwa yako, na fimbo tuligawana. Mwanangu hapandi hata stuli. Umesahau kwamba anaogopa kuwa juu? Nikimbeba mabegani alikuwa ananishika masikio mpaka yanauma.

Ndipo nikamkumbuka na mbuzi. Huyo alikuwa mbuzi wa babu, alivaa shati la baba, na aliyesema anasikia baridi ni wewe pia. Tena mtaani kwako hakuna mbuzi.

Ningeweza kujidanganya hata hivyo, maana nilivipenda visa hivyo. Lakini kuna karatasi ya mguu. Nimeiweka mapajani siku nzima nikiitazama. Mstari umenyooka, Dada. Kisigino, ukingo, vidole vitano, kila kimoja mahali pake. Miaka ishirini na miwili nachora miguu ya watu, najua aliyesimama kwa hiari yake na aliyesimama kwa woga. Mwanangu hajawahi kutulia hata kalamu ikamaliza kumzunguka.

Ana nini? Anaumwa? Usinifiche. Nijibu kwa basi la kwanza.

Fundi


8 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe. Salamu hazina nafasi leo.

Haumwi. Anakula anachopewa na anasema ahsante. Hilo ndilo jambo lenyewe: anasema ahsante. Tangu umemwacha hapa hajanijibu neno baya hata moja. Anaamka kabla yangu, anatandika, anakunja taulo za wateja pembe kwa pembe. Anaomba ruhusa ya kunywa maji. Mwalimu alinisimamisha njiani kunipongeza kwa malezi, nikaitikia, nikaja kulilia kwenye beseni. Mtoto niliyekuwa namjua alikuwa anaingia nyumbani kwangu kabla ya sauti yake kufika, na nusu ya vikombe vyangu havina mikono kwa ajili yake. Huyu anapita kando ya ukuta.

Ulitaka utundu na mimi sikuwa nao. Ningekuandikia nini? Nikakupa wangu wa zamani. Nilidhani umesahau.

Kwa muda mrefu sikujua sababu. Nilidhani ni upweke, utapita. Halafu wiki iliyopita akavunja kikombe, kwa bahati mbaya tu, kimemteleza. Namtafuta, nimemkuta chini ya meza ya pasi, kajikunyata. Nikamwambia kikombe kitu gani, toka hapo. Akaniuliza, "Sasa Baba atakohoa?"

Nilimtoa kidogo kidogo. Akaniambia kwamba siku ile kwenye kituo cha basi ulimwinamia ukamwambia, "Usimsumbue shangazi. Ukitulia, Baba atapona upesi." Basi anatulia. Unamjua akishaamua jambo. Kichwa chote kile kigumu amekielekeza huko, miezi mitatu sasa, hata vidole vya miguu amevikataza. Haandiki kwa sababu anaogopa akiandika atakosea kitu. Nimemwambia si hivyo, ananitazama tu. Wewe ndiye uliyesema, mimi nani?

Mwezi wa tano ndio huu. Anahesabu siku kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya nyuma.

Nimekwambia ya kwangu. Sasa na wewe toa ya kwako. Unarudi au hurudi?

Dada yako


16 Mei

Dada yangu,

Salamu. Sikukasirikii. Wewe umenilindia kicheko changu miezi mitatu.

Sirudi. Daktari alinieleza tangu mwezi wa tatu: pafu moja limekufa, la pili linafuata. Alisema labda nitauona mwezi wa nane, labda sitauona. Nilikuandikia kwamba kikohozi kinapungua. Kweli kinapungua, sina tena nguvu za kukohoa.

Yale maneno ya kituoni niliyasema tu. Basi lilikuwa limeshawasha injini, yeye kanishika mkanda wa suruali haachii, watu wanatutazama. Nikatafuta la kumfanya aniachie. Kila mzazi anasema hivyo, Dada. Ila wa kwangu ni mtoto anayeshika neno.

Nilikuwa nimeapa asinione nilivyo. Nguo zinanivaa mimi, si mimi ninayezivaa. Nilitaka abaki na yule baba wa mezani, mwenye nyundo. Lakini sasa fikiria: nikifa, ataenda kutafuta siku gani alikosea. Atakitafuta kikombe. Atakuwa mtu mzima na bado anakitafuta. Kufa nitakufa, hilo nimeshalilia likaisha. Hili la kumwachia mwanangu kosa ambalo si lake siliwezi.

Mlete upesi.

Fundi


14 Juni

Dada,

Poleni na safari ya kurudi. Goti limevimba? Lipake kitu cha moto.

Ulikaa bustanini ukatuacha wawili, kwa hiyo hujui yaliyosemwa. Wacha nikwambie wakati mkono unanikubali.

Alikaa pembeni ya kitanda, mikono juu ya magoti, kama mgeni. Nikamwambia, Msumari, Baba alikudanganya. Kutulia kwako hakuponyeshi na utundu wako hauui. Mapafu ya Baba yameharibiwa na gundi, na gundi haijui kama wewe ni mtoto mwema au mbaya. Sitapona. Ungekuwa malaika nisingepona.

Halafu akauliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo nimekunja taulo bure?"

Nikasema, bure.

Weee! Dada, sijui kama ulisikia huko nje. Alinipiga ngumi ya bega, akapiga ya pili, akapiga mto, akapiga kitanda. "Miezi minne! Miezi minne nimekunja mataulo ya watu!" Dereva akafunika uso kwa shuka. Muuguzi akaja mbio, nikamwinulia mkono asimguse. Akalia mpaka akachoka, akapanda kitandani na viatu vyake vichafu, akalala juu ya kifua hichihichi kibovu. Kilikuwa kinauma, sikumsogeza. Huyo ndiye mwanangu. Nilikuwa nimemkumbuka mpaka mifupa.

Vile viatu nilivyomshonea, mlivyoondoka navyo kwenye boksi, umeona alivyokataa kuvivaa? Eti atavaa siku nitakayomvisha mwenyewe nyumbani. Nikamwambia sirudi. Akasema, "Nimesikia."

Jambo jingine, dogo. Kiatu changu cha kushoto hakionekani. Nimemshuku dereva, ameniapia. Angalia mizigo yenu.

Fundi


28 Juni

Mdogo wangu,

Habari za hapo? Hapa, nashukuru, ni balaa tupu.

Jumatatu amebadilisha vibandiko vya majina kwenye mafurushi ya wateja wawili, askari kafungua furushi lake nyumbani akakuta gauni la harusi. Jumatano kampa jina muuza mkaa, mtaa mzima unamwita hivyo na siwezi kuliandika. Jana nimemwita mara sita akaniitikia mara moja, tena kutoka ndani ya beseni langu kubwa. Hivi vyote ni vya kweli, naapa, wala sijavitoa utotoni kwangu. Na ananijibu! Nikimwambia kunja taulo ananiambia amestaafu.

Vicheko hivyo ni vya mchana. Jioni anakaa kwenye kizingiti na hataki kuguswa. Nakaa karibu naye, simsemeshi.

Kiatu chako nimekipata. Nilikuwa nafagia chini ya kitanda chake, fagio likagonga kitu hakiendi mbele wala nyuma. Nimeinama na goti langu hili: kiatu chako cha kushoto, kimegongomelewa kwenye mbao za sakafu. Nimehesabu misumari minane, yote ya kwangu, ya kamba za kuanikia. Nilipomwuliza sababu, alinipa jibu lilelile alilokupa wewe siku ya yule mteja na soksi. Kisha akaongeza, "Mtu hawezi kwenda popote na kiatu kimoja. Akikitaka aje akichukue."

Nikutumie, au nifanyeje? Kuking'oa mwenyewe siwezi, mdogo wangu. Nilijaribu kushika koleo nikashindwa.

Dada yako


9 Julai

Kwako Dada,

Mwandiko huu ni wa dereva wa kitanda cha sita, mimi nasema yeye anaandika. Mkono umegoma.

Usikitoe. Mwambie nimesikia, na kwamba bado sijaenda popote. Nakaa na kimoja cha kulia. Muuguzi alitaka kukiondoa chini ya kitanda nikamkatalia, nikamwambia mwenzake yuko nyumbani.

Kisa cha askari tumekisoma. Nilicheka ndani kwa ndani.

Mwambie yeye ndiye kazi yangu bora kuliko zote, na sikuishona mimi. Mwambie asitulie.

Fundi

Haya ya chini ni yangu mimi dereva, yeye amelala na hajui kama naandika. Mama, chakula hali tangu juzi. Anaita jina la mtoto. Msichelewe.


14 Julai

Mdogo wangu,

Barua imefika leo mchana na gari letu ni kesho alfajiri, kwa hiyo hii sitaitia posta. Nakuletea mkononi. Tukikukuta nitakusomea. Tusipokukuta, nitakusomea vilevile.

Nilimsomea yote, pamoja na maneno ya dereva. Sikutaka adanganywe tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia jikoni, akatoa kikombe, akakivunja kwenye ngazi ya mlango akinitazama usoni. Akatoa cha pili akavunja. Hakuuliza kama utakohoa. Mimi nikaenda nikamletea cha tatu, nikamshikia, naye akakivunja. Halafu tukakaa chini wote wawili tukalia kwa sauti, majirani wakaja, tukawafukuza.

Baadaye nikasikia koleo. Amelala kifudifudi chini ya kitanda anang'oa misumari mmoja mmoja, na hakutaka nimsaidie. Ametoka na vumbi mpaka kope. Amekipiga kiatu rangi, amekisugua kwa taulo la mteja, tena jipya, nikamwachia. Matundu ya misumari ameyaziba kwa nta ya mshumaa ulivyomfundisha. Ukikitazama haraka hutayaona.

Na yeye amevaa viatu vyake, vile vya kahawia. Amejivisha mwenyewe. Anasema cha kulia kinambana dole gumba, na kwamba hilo ni kosa lako kwa kuamini mguu uliotulia.

Sasa amekaa juu ya sanduku la safari, kiatu chako mapajani, ananisimamia niandike anavyotaka. Nakuandikia kama alivyosema, sijapunguza wala sijaongeza:

"Mwambie nimemletea kiatu chake, asiende na mguu mmoja peku. Lakini mwambie sijakubali."

Dada yako